Macho, udongo, kikonyo au bapa la jani: upime nini kwenye shamba lako la zabibu?

Tuko wengi hapa Dar es Salaam tunaolima zabibu kwa simu. Shamba liko Dodoma, mwenyewe yuko Kimara au Tabata, na katikati yupo msimamizi mwenye simu ya kioo kilichopasuka. Jioni inaingia picha WhatsApp: jani la njano limeshikwa kwa vidole viwili, chini yake maneno mawili tu, "Dada, ona." Picha unairusha kwenye kundi la wakulima, na kabla maji ya chai hayajachemka majibu yameshajaa: piga urea, hapana, hiyo ni zinki, huo ni ugonjwa, mwaga samadi madebe mawili kila shina, ninayo busta nzuri, njoo inboksi.

Mimi niliwahi kufuata jibu la kwanza kufika. Ekari mbili, Hombolo, zabibu nyekundu ya Makutupora, majani ya chini yamegeuka njano. Tukamwaga urea. Haukupita mwezi matawi yakawa yanatambaa hadi njiani, kivuli kimefunika vichala, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, umepata makazi, na yale majani ya chini yamebaki na unjano wao uleule. Msimu uliofuata nilipopima, karatasi ya maabara ilionyesha naitrojeni imezidi na magnesiamu imepungua. Bei ya mfuko wa urea haikuniuma sana. Kilichoniuma ni dawa za ubwiri nilizonunua mfululizo, na mnunuzi aliyevitazama vichala akarudi kwenye gari lake.

Tangu hapo nimezipitia karibu njia zote ambazo mkulima wa kawaida anazifikia. Watu hubishana kipimo kipi ni kizuri kuliko kingine, lakini ukivitazama kwa karibu utakuta havijibu swali moja. Udongo unaonyesha kilichomo ghalani. Jani linaonyesha kilichofika sahanini. Macho yanamwona yule aliyekwisha kukonda.

Macho, na picha za simu

Tuanze na njia ya bure, maana ndiyo kila mtu anayoitumia hata akisema haitumii. Macho si ya kudharauliwa, mradi ujue pa kutazama. Swali la kwanza si jani lina rangi gani, bali limekaa wapi kwenye tawi. Majani ya zamani, yale ya chini karibu na shina, yakiwa njano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, mara nyingi ni magnesiamu: mzabibu unaihamisha kutoka kwa wazee kuwapa vijana. Majani machanga ya kileleni yakiwa njano na vimishipa vyembamba vya kijani, fikiria chuma, hasa kwenye udongo wenye chokaa au unaotuamisha maji. Kingo za majani zikianza unjano, kisha zikaungua na kujikunja wakati zabibu zinanenepa, potasiamu ina kesi ya kujibu. Majani madogo kuliko kawaida, yaliyopanuka mdomo pale yanapoungana na kikonyo, pamoja na kichala chenye punje kubwa na punje ndogo zilizochanganyika, hapo zinki inatajwa.

Sasa tatizo. Chumvi kwenye maji ya kumwagilia nayo huunguza kingo za majani, karibu sawa na potasiamu iliyopungua. Boroni ikipungua, kichala nacho hutoa punje ndogo ndogo, kama zinki. Picha ya simu iliyopigwa saa saba mchana chini ya jua la Dodoma inageuza kijani kuwa njano bila msaada wa upungufu wowote. Kubwa kuliko yote, dalili ikishaonekana, mzabibu umeteseka kwa wiki kadhaa na sehemu ya mavuno ya msimu huo imeshaondoka. Na kuna hali ya njaa isiyoonekana kabisa: majani ya kijani safi, mavuno hafifu, na wewe unalaumu mvua.

Kwa hiyo macho yanakutosha kwa jambo moja: kukuonyesha sehemu ya shamba ya kuchukua sampuli. Yasikutume dukani.

Udongo

Ukimwambia mtu "nimepima shamba", atadhani umepima udongo, na watu wengi nao huishia hapo. Kabla ya kupanda, hakuna cha kuupita. Ndio unaokwambia uchachu wa udongo, chumvi, sodiamu, fosforasi iliyopo, mboji iliyopo; mambo ambayo ukiyakosea yatakusumbua miaka ishirini, kwa sababu mzabibu si mchicha, hauung'oi mwezi ujao. Chokaa, samadi ya kuchimbia na fosforasi huingia kirahisi pale mashimo yanapokuwa wazi. Chukua udongo wa juu, sentimita 0 hadi 30, na wa chini yake, 30 hadi 60, kila kimoja kwenye mfuko wake. Kuvichanganya ni sawa na kumpima mtu joto kwa kuchanganya kipaji cha uso na nyayo.

Baada ya mizabibu kukua, thamani ya kipimo cha udongo inapungua, na watu wengi hawaambiwi hivyo. Mizizi ya mzabibu hushuka chini sana na kusambaa bila mpangilio. Shina linakula mahali ambapo koleo lako halikufika. Naitrojeni ya udongoni inabadilika kwa mvua moja tu. Potasiamu inaweza kuwa tele kwenye karatasi huku mzabibu ukiikosa, kwa sababu udongo ni mkavu au mizizi ina minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyoivimbisha mizizi. Nimeona karatasi ya udongo ikisema "inatosha" na mizabibu ikisema vingine, na aliyekuwa sahihi ni mizabibu.

Uamuzi wangu: pima udongo kabla ya kupanda, kisha rudia kila baada ya miaka mitatu hivi, hasa kufuatilia uchachu na chumvi. Ukiwa na pesa ya kipimo kimoja tu mwaka huu na mizabibu yako imeshaanza kuzaa, isiende kwenye udongo. Ukimwagilia kwa kisima, peleka na chupa ya maji. Baadhi ya visima vya Dodoma vina chumvi ambayo ulimi haujali lakini jani linaijua.

Tishu ya mmea: kikonyo au bapa?

Hapa ndipo penye mjadala, na ndipo nitakapokaa kwa muda.

Jani la mzabibu lina sehemu mbili ambazo maabara huzitenganisha. Kuna bapa, ile sehemu pana, na kuna kikonyo, kijiti kinachoshika bapa kwenye tawi. Kikonyo ni bomba. Chakula kinachopanda kutoka mizizini kinapitia humo, kwa hiyo ukikikata na kukipima unapata kilichokuwa njiani siku ile. Bapa ni jiko; humo vitu vimeshapikwa na kuwekwa mahali pake. Tofauti hii ndiyo inayoamua kila kitu kingine.

Kwa sababu kikonyo ni bomba, kinashtuka haraka. Ukiweka mbolea ya naitrojeni, kikonyo kitaonyesha mapema. Ukikosa maji wiki mbili, kitaonyesha pia. Ni kizuri kwa potasiamu, maana tofauti kati ya mzabibu ulioshiba na wenye njaa huonekana wazi zaidi kwenye kikonyo kuliko kwenye bapa. Lakini wepesi huohuo ni udhaifu. Naitreti, ile naitrojeni iliyo bado njiani haijapikwa, inapanda na kushuka kwenye kikonyo kwa hali ya hewa, kwa saa ya siku, hata kwa aina ya zabibu. Vikonyo vya asubuhi ya mawingu na vya mchana wa jua kali havitoi namba moja.

Bapa ni tulivu zaidi. Kwa naitrojeni ya jumla, bapa linaaminika kuliko kikonyo. Kwa boroni iliyozidi, bapa ndilo la kupimwa, kwa sababu sumu ya boroni hujikusanya kwenye kingo za jani na kikonyo kinaweza kuonekana hakina kosa. Ubaya wake ni kwamba lina eneo kubwa lililo wazi, kwa hiyo hubeba vumbi na mabaki ya dawa. Kwa udongo mwekundu wa Dodoma, bapa lisilosuuzwa litakuletea chuma cha kutosha kutengeneza jembe. Kwa chuma, kwa kweli, sipendekezi lolote kati ya hayo mawili: jani linaweza kuwa na chuma kingi cha jumla na bado likawa njano kwa sababu chuma hicho hakitumiki. Hapo macho yanaishinda maabara.

Basi uchague lipi? Swali la kwanza usijiulize wewe, iulize maabara: "Mnapima naitrojeni ya naitreti, au ya jumla peke yake?" Maabara nyingi hupima naitrojeni ya jumla kwa njia ya Kjeldahl, ambayo kwa kawaida yake haiikamati naitreti yote bila hatua ya ziada. Wakikujibu "ya jumla tu", peleka mabapa, kwa sababu naitrojeni ya jumla ya kikonyo haitakusaidia sana. Wakisema naitreti ipo, peleka vikonyo. Wakulima wanakosea hapa kuliko mahali pengine popote: wanasoma mwongozo wa vikonyo, wanapeleka jani zima, maabara inalisaga lote pamoja, na namba inayotoka haina mwongozo wowote wa kuilinganisha nao. Jani zima si kipimo cha mzabibu. Tenganisha bapa na kikonyo shambani, palepale, usingoje nyumbani, maana bapa linaendelea kunyonya kutoka kwenye kikonyo hata baada ya kukatwa.

Wakati wa maua au wakati wa kugeuka rangi?

Kuna nyakati mbili zinazokubalika. Ya kwanza ni maua yanapochanua. Ua la zabibu halifungui petali kama waridi. Lina kifuniko kidogo cha kijani kinachochomoka na kudondoka. Vifuniko vikiwa vimedondoka kwa zaidi ya nusu ya maua ya shambani, ndiyo siku yako. Jani la kuchukua ni lile linalotazamana na kichala cha chini kabisa kwenye tawi.

Ya pili ni zabibu zinapoanza kulainika na kugeuka rangi. Hapo jani la chini limeshazeeka, kwa hiyo huchukui lile la awali. Unachukua jani changa lililokomaa, takriban la tano hadi la saba ukihesabu kutoka kileleni.

Faida ya maua ni muda. Ukipata majibu mapema bado unaweza kurekebisha boroni au zinki kwa kunyunyiza, na naitrojeni kwa msimu uleule. Viwango vingi vilivyochapishwa pia ni vya wakati huo. Faida ya kugeuka rangi ni potasiamu. Punje za zabibu zinainyonya potasiamu kwa pupa, na mzabibu uliobeba vichala vingi unaweza kuonekana ameshiba wakati wa maua kisha akaishiwa njiani. Kwa hiyo mimi hupima maua kila mwaka, na kugeuka rangi pale tu potasiamu ya maua ilipokuwa mpakani au mavuno yakiwa mazito isivyo kawaida.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya nje havikuwazia: sisi tunavuna mara mbili. Dodoma zabibu huvunwa karibu na Februari na Machi, na tena Agosti na Septemba, kutegemea ulipogoa lini. Maana yake maua nayo yanakuja mara mbili, moja likiangukia kwenye mvua na jingine kwenye ukavu. Usilinganishe karatasi ya msimu wa mvua na ya msimu wa kiangazi ukadhani shamba limebadilika. Chagua msimu mmoja na ubaki nao mwaka hadi mwaka. Nimechagua wa kiangazi, kwa sababu maji ninayatawala mimi na dawa za ukungu zinapigwa mara chache. Ukiwa na pesa za misimu yote miwili, weka majalada mawili.

Namba za California, mizabibu ya Hombolo

Viwango vinavyonukuliwa zaidi duniani kwa kikonyo cha wakati wa maua vilitoka California, kwa zabibu ya Thompson Seedless. Naitrojeni ya naitreti ikiwa chini ya miligramu 350 kwa kilo ya vikonyo vikavu, kuna upungufu. 500 hadi 1,200 inatosha. Ikipita 2,000 imezidi. Potasiamu chini ya asilimia 1 ni upungufu, juu ya 1.5 inatosha. Magnesiamu chini ya asilimia 0.2 ni upungufu, juu ya 0.3 inatosha. Kwa mpangilio huohuo wa upungufu na kutosha: fosforasi, asilimia 0.10 na 0.15. Zinki, miligramu 15 na 26 kwa kilo. Boroni, 25 na 30.

Angalia boroni vizuri: kutoka njaa hadi shibe ni hatua fupi, na kutoka shibe hadi sumu si safari ndefu pia. Ndiyo maana mtu anayekuuzia boroni bila karatasi simwelewi.

Sasa, Thompson Seedless ya California inalala majira ya baridi, inaamka mara moja kwa mwaka, na inazaa mara moja. Ya kwetu haipati usingizi huo. Naitreti hasa hutofautiana mno kati ya aina na aina; aina moja inaweza kuwa na nusu ya namba ya jirani yake na zote zina afya. Hivyo namba hizo nazitumia kama mabango ya barabarani: zinaniambia nimekaribia wapi, hazinifikishi mlangoni. Potasiamu, magnesiamu, zinki na boroni naziamini zaidi. Naitreti naisoma pamoja na urefu wa matawi.

Kilichonifaa kuliko mwongozo wowote ni sampuli mbili kwa pamoja. Moja kutoka mashina yanayoumwa, nyingine kutoka mashina mazuri ya shamba hilohilo, aina hiyohiyo, umri huohuo, siku hiyohiyo. Ndivyo nilivyomkamata magnesiamu. Ningekuwa na namba moja tu, ningebishana nayo mwaka mzima. Nilipoona mashina mazuri yana karibu maradufu ya mabaya, mjadala uliishia hapo. Ndiyo, ni malipo mara mbili. Lakini afadhali ulipe mara mbili msimu mmoja upate jibu kuliko ulipe mara moja kila msimu ukabaki unakisia.

Na kwa nini magnesiamu ilipungua? Karatasi ya jani haikusema, na haiwezi kusema. Ilionyesha tu kwamba potasiamu kwenye mashina hayo ilikuwa juu sana, na potasiamu ikijaa mlangoni magnesiamu hukosa pa kupita. Ndipo Baba Neema, msimamizi wangu, akakumbuka kwamba kona ile ndiyo walipokuwa wanamwaga majivu ya jikoni miaka yote. Kisababishi kilipatikana kwa mazungumzo, baada ya kipimo kutuonyesha pa kuuliza.

Kuchukua sampuli ukiwa mbali

Kosa langu la kwanza la sampuli lilikuwa la dawa. Majibu yalikuja na manganizi na zinki za kutisha. Kumbe wiki moja kabla tulipiga mankozebu, dawa ya ukungu, na mankozebu yenyewe ina manganizi na zinki ndani yake. Nilikuwa nimepima dawa yangu mwenyewe. Dawa za shaba zitakufanyia hivyohivyo kwenye shaba, na mbolea za majani kwenye kila kitu kilichoandikwa kwenye chupa. Chukua sampuli kabla ya kupiga, na kama umeshapiga, waandikie maabara ulipiga nini na lini.

La pili lilikuwa mfuko wa nailoni. Vikonyo vilisafiri siku mbili kwa basi, vikafika vimeshachacha. Siku hizi maelekezo ninayompa Baba Neema kwa sauti, si kwa maandishi, ni haya: tembea kwa kukata kona, usifuate mstari mmoja wala usichukue mashina ya pembeni, jani moja kwa shina moja, vikonyo 80 hadi 100 kwa kila sampuli, kwa sababu ni vyepesi na maabara inahitaji uzito, asubuhi, umande ukishakauka, bapa tupa, kikonyo weka. Kama ni mabapa, 40 yanatosha. Suuza haraka kwenye maji safi, usiloweke, maana potasiamu inatoka na maji kama rangi ya kitenge kipya. Yanike kivulini juu ya gazeti. Weka kwenye bahasha ya karatasi, andika aina, tarehe na "wazima" au "wagonjwa". Mara ya kwanza aliniuliza, "Dada, sasa ukishazipata hizi za wazima utazipeleka hospitali kwa kosa gani?" Swali zuri, nilichukua dakika kumi kulijibu, na tangu siku hiyo anachukua sampuli kwa uangalifu kuliko mimi.

Kwa usafirishaji, treni ya SGR imetusaidia bila kujua. Njia ya Dodoma hadi Dar inapita Morogoro, na Morogoro ndiko kuliko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chenye maabara ya udongo na mimea. Nikienda shamba wikiendi, narudi na bahasha mkobani, nashuka Morogoro Jumatatu asubuhi, nakabidhi, napanda ya mchana kuja Dar. Kituo cha Mlingano cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kilichobobea kwenye udongo, kiko Muheza, Tanga. Kwa mtu wa Dar nako si mwisho wa dunia. TARI Makutupora, Dodoma, ndicho kituo cha utafiti wa zabibu, na hata usipopima kwao, ni busara kwenda na karatasi yako ya majibu ukakaa na mtu anayeijua zabibu ya Dodoma. Kabla hujakata jani hata moja, piga simu maabara uulize wanapokea siku zipi, wanataka sampuli kavu au mbichi, na bei inahesabiwa kwa kirutubisho kimoja kimoja au kwa kifurushi.

Njia mbili za pembeni

Kuna kifaa cha mkononi kinachobana jani na kusoma ukijani wake. Ni cha haraka na kinapendeza mbele ya wageni. Hakijui kama ukijani umepungua kwa naitrojeni, magnesiamu au chuma. Usikinunue kwa ekari mbili.

Njia nyingine ni mizani na daftari, na hii naipenda. Tani moja ya zabibu ikitoka shambani inaondoka na takriban kilo moja na nusu ya naitrojeni na kilo mbili na nusu ya potasiamu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Ukivuna tani nne kwenye ekari, kilichoondoka ni kama kilo sita. Hata ukihesabu kinachopotea njiani, na kinachohitajika kwa matawi unayoyapogoa na kuyatupa, bado utashangaa kwa nini watu humwaga mifuko miwili. Daftari halioni ndani ya mmea, lakini linakukinga na wazimu. Na anayeuza zabibu kwa watengeneza mvinyo asisahau kwamba potasiamu ikizidi kwenye punje hupunguza uchachu wa juisi na kufifisha rangi ya mvinyo mwekundu. Mnunuzi anaijua hiyo hata kama hakwambii.

Basi wewe uchague nini?

Kama ndiyo kwanza unanunua shamba, pesa yote ya vipimo iende kwenye udongo, tabaka mbili, na maji. Majani huna bado.

Kama mizabibu ina miaka mitatu na kuendelea na hujawahi kupima chochote, chukua vikonyo vya wakati wa maua, au mabapa kama maabara yako haina naitreti. Sampuli moja kwa kila aina ya zabibu, mwaka hadi mwaka, msimu uleule. Mwaka wa kwanza namba zitakuambia machache. Mwaka wa tatu utakuwa na mwongozo wa shamba lako ambao hakuna kitabu cha California kinachouweza.

Kama una tatizo linaloonekana leo, usingoje maua. Chukua mbili, wagonjwa na wazima, majani ya mahali pamoja kwenye tawi, na udongo wa chini ya mashina hayohayo. Huu ndio mpango ghali kuliko yote na ndio ninaoutetea bila kusita, mradi ufanywe kabla mtu hajaruhusiwa kumwaga kitu chochote.

Kama bajeti imekata, bakia na mizani, daftari na macho, na weka mbolea kidogo kuliko unavyotamani. Njaa ndogo ya naitrojeni kwenye mzabibu hurekebishika msimu ujao. Shibe yake huleta ubwiri msimu huu.

Na kama wewe ni wa mzabibu mmoja uani Mbezi au Kigamboni, ule uliopanda kwa ajili ya kivuli na watoto wanaula ukiwa bado mchachu, maabara haikuhusu. Unyevu wa pwani ndio adui yako, ukungu kabla ya njaa. Pogoa uingize upepo, ondoa majani yaliyougua, weka samadi iliyooza mara moja kwa mwaka.